Kobe Wako Anataka Ukoka, Mama

SWALI: Shikamoo bwana mifugo. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, sasa naishi Houston, Texas. Miaka mitatu iliyopita mwanangu alipewa kobe wa aina ya sulkata, kiasi cha kiganja. Leo ana kilo nne. Tunampenda kama mtoto wa nyumbani na tunajitahidi asile kitu kimoja kila siku: asubuhi saladi na nyanya, mchana ndizi au tikiti, jioni wali uliobaki, na mara mbili kwa wiki kijiko cha chakula cha paka ili apate nguvu. Siku hizi choo chake ni maji maji, na gamba limeota vilima vilima. Nyasi hataki hata kuzinusa. Tunakosea wapi? (Mama Wawili, Houston)

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni huko kumpangia mlo wa asubuhi, mchana na jioni. Sisi watu wa Pwani tukimpenda mgeni tunamjazia sahani. Kwa huyu wako, sahani hiyo imeshaanza kumuumiza.

Sulkata ni kobe wa Saheli, kuanzia Senegal na Mali mpaka Sudan na Ethiopia. Huko mvua ni ya miezi michache, na sehemu kubwa ya mwaka anakula nyasi zilizokauka zikawa kama makuti. Utumbo wake umeumbwa kwa kazi hiyo: nyasi inakaa ndani siku nyingi, vijidudu vinaivunja polepole, naye anapata nguvu zake humo. Ukimmiminia ndizi na tikiti, sukari inachacha tumboni, vijidudu vizuri vinazidiwa, na ndiyo hayo maji maji unayoyaona. Wali nao haumfai. Chakula cha paka ni nyama, na protini nyingi kiasi hicho ni mzigo mzito kwa figo zake. Hicho kiache leo leo.

Hili mimi nililijua kwa mikono yangu. Nilihudumia kobe wakubwa kisiwani Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, ambao uzao wao ulianza na kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Msimu wangu wa kwanza wa maembe nilikuwa naokota dodo zilizodondoka, nampelekea dume mmoja mzee aliyekuwa akinyoosha shingo kila akiniona. Alikula mpaka maji ya embe yakamchuruzika kifuani. Siku tatu nikawa nasafisha uharo, na yeye amelala chini ya mti, shingo hainyanyuki. Alipona kwa majani na maji, lakini zile siku tatu sikulala vizuri. Tangu hapo sijampa kobe tunda kwa kutaka kumfurahisha.

Sasa tuje kwenye ukoka. Nyasi ambayo Wamarekani wanaiita Bermuda, wanayoipanda mbele ya nyumba na kwenye viwanja vya michezo, ni ukoka wetu, ule ule unaotambaa uani Tanga na unaong'olewa kila siku kwenye mahindi. Huenda umeukanyaga leo ukienda kazini. Huo ndio uwe wali wake. Robo tatu ya anachokula au zaidi iwe nyasi: ukoka mbichi wakati wa joto, na nyasi kavu za farasi na sungura wakati wa baridi. Lusani, ile majani ya mifugo ambayo huko wanaiita alfalfa, usiifanye chakula cha kila siku, protini yake imezidi. Na kabla hujachuma popote, uliza kama pamepigwa dawa ya magugu au mbolea. Watu wa huko wanazitumia sana kwenye nyasi zao, na kobe hachagui.

Nia yako ya kumbadilishia ni njema, ila mabadiliko yapite kwenye majani. Texas imejaa mpungate: toa miiba, katakata bapa lake, mpe. Una kalsiamu na maji kwa pamoja, na makobe wanaupenda sana. Ongeza majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi na ya mzabibu, matembele mara moja moja, na yale magugu machungu ya jamii ya mchunga yenye maua ya njano. Mchicha na spinachi vina asidi inayoishika kalsiamu isifike mwilini, kwa hiyo visiwe vya kila siku. Saladi nyeupe ni maji matupu. Parachichi na kisamvu kibichi usimpe kabisa, na kama una oleanda uani, izungushie uzio au ing'oe. Ni sumu kali.

Najua atagoma. Aliyezoeshwa tikiti hawezi kuona nyasi akashangilia. Kata nyasi kavu kwa mkasi, ziwe fupi kama ukucha, uzichanganye na majani mabichi yaliyolowa ili zishikamane. Wiki ya kwanza kidogo, wiki ya pili zaidi. Mwanao asimwonee huruma akamletea ndizi kwa siri; zungumza naye mapema, maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Vilima vya gamba mara nyingi hutokana na kobe kukuzwa mahali pakavu mno tangu utotoni, na upungufu wa kalsiamu na jua huongeza ubaya. Vilivyoota havitaondoka, lakini gamba jipya linaweza kuja laini. Mnyunyizie unga wa kalsiamu usio na fosforasi juu ya majani mara mbili tatu kwa wiki, au muwekee mfupa wa dome autafune, ule mweupe mwepesi tuliokuwa tunauokota ufukweni. Maduka ya ndege wanauuza. Jua alipate moja kwa moja, kwani kioo cha dirisha kinazuia miale anayoihitaji. Na mloweshe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu chake, robo saa hivi. Mkojo wake utakuwa na uchafu mweupe. Ukiwa laini kama dawa ya meno, usihangaike. Ukiwa na chenga kama mchanga, maji hayamtoshi. Na kama choo hakijashikana baada ya wiki moja hivi, au akiacha kula kabisa, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao, ukiwa na choo hicho kwenye kikopo ili akipime minyoo.

SWALI: Nimeokota kobe wa madoa barabarani karibu na Voi. Nimpe nini ale? (Dereva, Mombasa)

JIBU: Usimpe kitu, ndugu yangu. Huyo ni mnyamapori, na Kenya kumfuga bila kibali ni kosa. Tena chakula chake kiko kule kule ulikomtoa. Mrudishe leo, umuweke upande wa barabara aliokuwa anauelekea. Mbebe karibu na ardhi, usimtikise wala usimpindue: akishtuka hukojoa, na kwenye ukame maji hayo ndiyo akiba yake.