Alipona baada ya kumeza dawa. Je, ni dawa iliyomponya?

SWALI: Mwaka 2020 mjomba wangu aliugua korona, akameza haidroksiklorokwini, na siku ya sita alikuwa mzima. Madaktari wa Marseille, Ufaransa, nao waliandika kwamba virusi viliwatoka wagonjwa wao. Kwa nini ninyi wafamasia mnasema dawa hii haikusaidia? Si ndugu yake klorokwini tuliyomeza tangu utotoni?

JIBU: Ndugu yangu, nafurahi mjomba alipona. Lakini wengi waliougua korona walipona bila dawa yoyote. Kama siku zile angekuwa anakunywa tangawizi, leo tungeisifu tangawizi.

Utafiti wa Marseille wa Machi 2020 hebu tuuangalie kwa karibu. Waliopewa dawa walikuwa 26, waliohesabiwa mwishoni 20. Wale sita walikwenda wapi? Watatu walizidiwa wakahamishiwa chumba cha mahututi, mmoja akafariki, mmoja akaacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu, mmoja akaondoka hospitali. Waliozidiwa wakiwa kwenye dawa waliachwa nje ya hesabu! Tena kilichopimwa ni virusi puani siku ya sita, wala si nani alikufa na nani alirudi nyumbani. Desemba 2024 jarida lililochapisha utafiti huo liliufuta.

Ili kulinganisha kwa haki, lazima bahati nasibu iamue nani apewe dawa. Uingereza walifanya hivyo katika utafiti wa RECOVERY: wagonjwa 1,561 walipewa haidroksiklorokwini, 3,155 wakapata huduma ya kawaida tu. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 ya waliopewa dawa, na asilimia 25 ya wenzao. Hatuwezi kusema iliua, ila hakuna dalili kwamba iliokoa. Utafiti huohuo, Juni 2020, ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumua kutoka asilimia 41 hadi 29. Kwa hiyo haidroksiklorokwini haikukataliwa kwa sababu tu ni ya bei nafuu.

Ni kweli ni ndugu wa klorokwini. Ila klorokwini humuua kimelea cha malaria kwa kumharibia usagaji wa damu anayokula, na kirusi hakili damu. Maabarani haidroksiklorokwini ilizuia virusi vya korona kwenye seli za figo za nyani, lakini kwenye seli za mapafu ya binadamu ilishindwa.

Kinachoniuma hadi leo ni mama mmoja mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na ambao dawa hii huutuliza kwelikweli. Alifika dirishani kwangu na kopo tupu, akalitikisa ili nione. Rafu ilikuwa tupu pia, watu wasio wagonjwa walishanunua za akiba.

Kama mjomba ana vidonge vilivyobaki, asivimeze kwa mafua mengine, hasa akiwa na tatizo la moyo au anatumia antibiotiki iitwayo azithromaisini. Dawa hizo mbili zote huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Avirudishe duka la dawa.