Usilipe uchapaji kabla hujaangalia ngeli ya vitendawili vyako

Mkuu uliyeuliza humu kutoka Lindi, simamisha hiyo advansi ya uchapaji. Umesema una hadithi ya watoto, kito cha ajabu kimekaa kichwani mwa nyoka ndani ya pango, na mlangoni shujaa anategewa vitendawili vitatu ulivyotafsiri kutoka intaneti. Ukauliza rangi ya kava na pa kuuzia. Mimi nimesoma kitendawili cha kwanza tu, "Kinang'aa usiku bila mafuta, kinapiganiwa lakini hakiliwi", roho ikaniuma. Kosa hilohilo nimeshalilipia hapa Mtwara.

Hela yangu ya korosho ya msimu mzima niliitia kwenye kijitabu, nakala 300 kwa shilingi 2,500 kila moja. Ni 750,000 hiyo. Humo shujaa anafika langoni, sauti inamtegea: "Kinawaka bila kuni na hakiachi majivu." Chini nimeweka picha nne achague: jua, mwezi, moto, kito. Nikakipeleka Mikindani nikawasomee watoto barazani kwa dada yangu. Kitendawili! Tega! Ndiyo kwanza nimetamka "Kinawaka", mtoto wa darasa la tatu kadakia: "Kito, mjomba." Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Jua linawaka. Mwezi unawaka. Moto unawaka. Kinachowaka ni kito."

Vitendawili vyote vikafa vile, kimoja baada ya kingine, na wengine wakawa wanajibu kabla sijafungua ukurasa. Lango likawa halilindi kitu, na hadithi yote ilitegemea lile lango. Maboksi bado yako chumbani kwangu.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja aliyekuwa anaendesha darasa la uandishi kwa WhatsApp, tena la kulipia. Nilimuuliza waziwazi kuhusu vitendawili. Akaniambia, "Tafsiri tu, kitendawili ni kitendawili popote." Si kweli, na mtu anayepokea hela za watu kufundisha uandishi wa Kiswahili alipaswa kulijua hilo. Kiingereza kina neno moja, "it", linalobeba jua, moto na kito, kwa hiyo jibu linajificha. Sisi kila kitenzi kinatangaza ngeli. Ukisema "ki-", umeshamtupa jua, mwezi na moto nje ya mlango.

Sasa angalia wazee walivyofanya. "Kuku wangu ametagia mibani." Jibu ni nanasi, lakini kitenzi kinamfuata kuku. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai, lakini "haina" ni ya nyumba. Kwanza wanakipa kitu vazi la kitu kingine, halafu sarufi yote inalitii lile vazi. Ndiyo kanuni ninayokuomba uishike: anza na jina la kificho, na kiambishi kifuate kificho, kamwe kisifuate jibu. Kusema "mimi nang'aa" kunaficha ngeli, sawa, ila hakuna ladha ya kutegewa barazani.

Na wewe una mali nzuri kuliko yangu. Kito cha kichwani mwa swila ni simulizi la Wahindi, wanakiita Nagamani, na nyoka hana mikono. Itumie hiyo: "Taa yangu haitiwi mafuta, na anayeibeba hana mikono." Hapo "i" ya "haitiwi" na ya "anayeibeba" inaisema taa. Niliwategea watoto walewale wa Mikindani mwezi uliopita. Walitaja kimulimuli, wakataja nyota, wakazozana, mwisho wakanipa mji. Wakanipa Newala. Nikakaa Newala nikala raha zote ndipo nikawapa jibu, na yule wa darasa la tatu akataka nitege kingine.

Kile cha tatu ulichosema ndicho kinachofungua pango, hukukiandika. Kibandike hapa usiku huu, kabla hujaenda kwa mchapaji.