Siku kumi Rarotonga: msijaze ratiba

Ndugu, umeuliza kama siku kumi zinawatosha wewe na mkeo kupumzika Rarotonga na Aitutaki, visiwa viwili vya Visiwa vya Cook katika Bahari ya Pasifiki, bila kukimbizana. Zinatosha kabisa. Ningelala Rarotonga sita, Aitutaki nne. Ndege kati yao haifiki saa nzima.

Gari la kukodi la nini? Barabara ya kuzunguka Rarotonga ni kilomita 32 tu, na basi moja linafuata mwelekeo wa saa, jingine kinyume chake. Jumamosi asubuhi nendeni soko la Punanga Nui mkaonje ika mata, samaki mbichi kwa ndimu na tui la nazi. (Mke wangu aligoma, kisha akamaliza sahani yangu.) Jumapili maduka mengi hufungwa.

Msiogelee karibu na mapengo ya mwamba wa matumbawe unaozunguka Rarotonga, hasa pengo la Avaavaroa: mkondo huvuta watu hadi bahari kuu. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga. Mkipitia Auckland kwa pasipoti ya Tanzania, ulizeni ubalozi wa New Zealand habari za viza kabla ya kulipia tiketi. Halafu tarehe: kutoka Auckland mnavuka mstari wa tarehe, mnafika "jana". Sisi tulifika tukakuta chumba tulichoagiza ni cha kuanzia kesho.