Kome pundamilia: waliowabeba ni watu

Ni kweli kome hawa, wadogo wa maji baridi wenye magamba ya milia, husambazwa na bata?

Bata wamekuwapo Amerika Kaskazini tangu enzi. Kome walionekana Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, mwaka 1988 tu, wakiwa wameletwa na maji ya balasti (maji ambayo meli hubeba ili isiyumbe) ya meli kutoka ng'ambo. Tuwaache bata.

Walifikaje mto Mississippi?

Kwa mfereji. Chicago ilifungua mfereji wake mwaka 1900 ili maji taka yasiingie Ziwa Michigan. Mto Chicago ukageuzwa, maji ya ziwa yakaelekea mto Illinois na hatimaye Mississippi. Jike mmoja huweza kutaga mayai hadi milioni moja kwa mwaka, na viluwiluwi wake, wasioonekana kwa macho, huelea wiki kadhaa kabla ya kujishikiza. Mwaka 1991 wakakutwa mto Illinois. Lakini mkondo huteremka tu. Waliopanda mito walipandishwa na matishari yaliyogandwa na kome chini. Ulaya vilevile: mifereji iliyounganisha mito iliwatoa maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi, na mwaka 1824 walikuwa London. Anayepigia debe mfereji mpya kati ya mabonde aulizwe kwanza atazuiaje viumbe kuvuka.

Boti nimeifuta, imekauka. Naweza kuishusha ziwa jingine kesho?

Hapana! Hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado mnajali ubavu wa boti tu. Fungua kizibo maji ya ndani yatoke yote, mwaga tangi la samaki na ndoo ya chambo, inamisha injini ichuruzike. Ng'oa majani yaliyonasa kwenye trela. Kisha pitisha kiganja chini ya boti: ukihisi mkwaruzo kama wa msasa, hao ni kome wachanga. Maji ya moto ya nyuzi 60 huwaua. Kome mkubwa akijifunga huishi siku kadhaa nje ya maji, kwa hiyo "kesho" ni mapema mno.

Si wanasafisha maji?

Maji yanang'aa kwa sababu chakula kimeliwa. Kome mmoja huchuja takriban lita moja kwa siku, akimaliza mwani unaotegemewa na vidudu wanaoliwa na samaki wachanga. Huwaganda pia kome wenyeji mpaka washindwe kufumbua magamba. Huko Monroe, Michigan, Desemba 1989, kome pamoja na barafu waliziba bomba la kuvuta maji ziwani, mji ukakosa maji.

Maji ya tangi la samaki wa mapambo nimwage mtaroni?

Usithubutu. Mwaka 2021 kome hai walikutwa katika maduka ya Marekani ndani ya mipira ya mwani ya kupambia matangi. Mipira hiyo ichemshe au igandishe, uifunge kwenye mfuko na kuitupa kwenye taka.