Plagi imeingia, mbona picha hazionekani?

Nina kompyuta ya mezani ya mwaka 1999, bado inatumia Windows 98 SE, na naipenda kuliko inavyostahili. Siku ya kwanza kuiunganisha na kamera ya kidijitali, plagi ya USB iliingia bila shida, kompyuta ikatambua kuna mgeni, ikaomba draiva, yaani programu ya kuiwezesha kuzungumza na kamera. Sikuwa nayo. Kwa ubishi nikabonyeza kuendelea tu, na hapo ndipo nilipojiharibia: kamera ikaandikishwa kama kifaa kisichojulikana, na kila nikiichomeka tena inaitwa vilevile.

Kwa hiyo draiva kwanza, waya baadaye. Windows 98 inaijua USB, lakini haikuja na draiva ya jumla ya kusoma hifadhi za USB. Hiyo utaikuta ndani ya matoleo ya Windows 2000 na ME. Ukiwa na Windows NT 4.0, usijichoshe, hiyo haiijui USB. Kama umeshakosea kama mimi, futa kile kifaa kwenye orodha ya vifaa, washa upya, weka draiva, ndipo uchomeke.

Halafu fungua menyu ya kamera. Nilipoteza jioni nzima nikiisingizia kompyuta, kumbe kamera ilikuwa imewekwa kwenye PTP, utaratibu wa kuhamisha picha ambao Windows 98 haiufahamu bila programu ya mtengenezaji. Badili, kamera ijitambulishe kama diski. Baadhi ya kamera mpya hazina chaguo hilo. Hapo toa kadi utumie kisomaji, ambacho nacho kitadai draiva yake.

Kadi iwe ndogo. Mimi natumia SD ya GB 2 iliyofomatiwa FAT16, mpangilio wa faili wa zamani. Visomaji vilivyotengenezwa kabla ya SDHC, yaani kadi za SD zinazozidi GB 2, kuingia mwaka 2006 havisomi kadi kubwa zaidi, na zile za GB 64 huja na exFAT, mpangilio mpya zaidi, ambayo Windows 98 haiwezi kuifungua kabisa.

Kasi? Chukua kitabu usome. USB 1.1 inaishia megabiti 12 kwa sekunde, yaani karibu MB 1 hivi ukitoa hasara za njiani. Picha 200 za MB 5 kila moja zilinichukua zaidi ya robo saa, basi betri ya kamera iwe imejaa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kumbukumbu. Picha ya megapikseli 24 inaweza kuwa faili dogo tu kwenye kadi, lakini ikifunguliwa inahitaji takribani MB 72, na kompyuta yangu ina RAM ya MB 64. Diski ilisaga mpaka nikaionea huruma. Siku hizi nikijua picha zinaelekea huko, napiga kwa pikseli 1600 kwa 1200, ambazo zinakula chini ya MB 6 zikifunguliwa.

Taa ya kamera ikiwa bado inapepesa, usichomoe. Folda moja nililipoteza hivyo, lenye picha ambazo sikuwa na nakala yake.