Barua pepe kwa API: 202 haimaanishi barua imefika

Tuseme umetengeneza mfumo wa oda za vyumba kwa nyumba ya wageni Bagamoyo, na kila mgeni akilipa anatakiwa apate barua pepe ya uthibitisho. Kusakinisha maktaba ya mtoa huduma wa kutuma barua pepe kwa API (njia ya programu moja kuiomba nyingine kazi) ni dakika tano: pip install au npm install, weka ufunguo, ita amri moja, unaona jibu la namba 202. Wengi huishia hapo. Lakini 202 inasema tu kwamba mtoa huduma ameipokea kazi. Barua inaweza kukataliwa baadaye, au kuangukia kwenye spamu.

Ufunguo wa API ukae kwenye faili la .env (faili la siri za programu), nalo liandikwe kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git haiyahifadhi) kabla ya komiti ya kwanza. Ukishapanda GitHub, kuufuta hakusaidii maana historia inao. Ubatilishe utoe mpya. Na uwe na ruhusa ya kutuma tu.

Penye kazi hasa ni pale mtandao unapokatika. Ombi limefika, barua imetumwa, jibu likapotea njiani. Programu inaona kosa, inatuma tena, na mgeni anapiga simu mapokezi kuuliza kama amekatwa pesa mara mbili. Kinga yake ni kuipa kila barua namba isiyobadilika, mfano uthibitisho-oda-1047, uihifadhi kwenye jedwali kabla ya kutuma, kisha uipeleke pamoja na ombi kama ufunguo wa kuzuia marudio. Resend, kwa mfano, huukumbuka ufunguo huo kwa saa 24. Usitengeneze namba mpya kila unaporudia. Hilo linaua kinga yote.

Weka na kikomo cha kusubiri, sekunde 10 zinatosha. Maktaba ya requests ya Python haina kikomo usipoiwekea, kwa hiyo ombi moja lililokwama linaweza kushikilia programu nzima. Rudia kwa 429 (maombi yamezidi), kwa makosa ya 500 kwenda juu (hitilafu upande wa seva), na kikomo kikipita bila jibu: subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8. Ukipata 400 (ombi baya) au 401 (ufunguo umekataliwa) usirudie, kosa liko kwako. Soma pia kama maktaba inarudia yenyewe. Ikijaribu mara tatu nawe ukaizungushia tatu, hizo ni tisa.

Mwenye nyumba atataka mtumaji awe anwani yake ya Gmail. Mkatalie kwa upole. Mtoa huduma hawezi kusaini DKIM (saini ya kidijitali ya domeni inayotuma) kwa niaba ya gmail.com, kwa hiyo barua itaanguka kwenye ukaguzi wa DMARC (kanuni ya domeni kuhusu barua zisizothibitishwa). Tumia domeni yake mwenyewe, ile Gmail iweke kwenye Reply-To (anwani ya kupokea majibu). Kwenye DNS (rekodi za domeni) weka rekodi za DKIM, DMARC ukianza na p=none (angalia tu, usizuie), na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni hiyo) moja tu. Ukiwa nazo mbili, ukaguzi wa SPF unatoa kosa, na hili hutokea sana pale domeni ilipokuwa na barua pepe za kampuni ya hosting tangu mwanzo: unganisha include zote (sehemu zinazotaja watumaji wanaoruhusiwa) kwenye mstari mmoja.

Mwisho, fungua URL kwenye seva yako ambayo mtoa huduma ataiarifu barua ikifika au ikigonga mwamba, na uhakiki saini ya kila taarifa. Anwani kama gmail.con ikirudi kwa kosa la kudumu, acha kuitumia mara moja, na oda hiyo iwekewe alama nyekundu mapokezi ili mgeni apigiwe simu kabla hajafunga safari.