Maabara ndogo ya miche ya migomba: mtaji uanzie wapi?

Mkuu, umeuliza mtaji wa maabara ndogo ya miche ya migomba ya tishu, yaani inayokuzwa chupani kutokana na kipande kidogo cha mmea, uanzie kwenye kabati la hewa safi, au kwenye kiyoyozi na rafu za taa. Mimi ningeanza na mmea mama na kitalu. Mashine zinapendeza kwa picha, ila hasara kubwa ya biashara hii hutokea kabla ya chupa na baada ya chupa.

Tuchukue mmea mama. Chipukizi moja likitoa vichipukizi 3 kila wiki 4, baada ya mizunguko 6 unavyo 729. Kama mgomba wa mwanzo ulikuwa na BBTV, virusi vinavyofanya majani mapya yawe mafupi, membamba na ya kusongamana juu, umezalisha wagonjwa 729 na kuwauzia wakulima kwa risiti. Virusi hivi vipo Kongo, Burundi na Rwanda, na mgomba unaweza kukaa navyo bila kuonyesha dalili. Jicho halitoshi, peleka jani maabara likapimwe virusi kwa PCR au ELISA. Tena baadhi ya chotara wenye nasaba ya Musa balbisiana, aina ya ndizi mwitu, wamebeba virusi vya BSV (vya michirizi ya majani) ndani ya vinasaba vyao, na msukosuko wa chupa unaweza kuviamsha hata kama kipimo cha mwanzo kilikuwa safi. Kwa kuanzia shika Grande Naine, Williams, au ndizi za kupika za nyanda za juu.

Chakula cha chupa hakina siri. Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa: unga wa MS (mchanganyiko wa virutubisho vya mmea) takriban gramu 4.4, sukari gramu 30 (ya dukani inafaa), homoni ya BAP (ya kuchochea vichipukizi) miligramu 5, agari (unga wa kugandisha) gramu 7 hadi 8. Rekebisha pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe 5.8 kabla ya kuweka agari. Ikishuka sana agari haigandi, ikipanda inakuwa ngumu. Chemsha kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Ukizidisha, sukari inaungua na chakula kinakuwa cha kahawia. Sufuria ya presha kwenye jiko la gesi inaifanya kazi hii vizuri, na umeme ukikatika hulii.

Chipukizi lichongwe mpaka kibaki kipande cha sentimita 2 chenye ncha ya kukua, likae kwenye klorini ya asilimia 1 hadi 2 yenye matone ya sabuni kwa dakika 15 hadi 20, lisuuzwe mara 3 kwa maji yaliyochemshwa kwenye otoklevu. Kingo zilizopauka zikatwe. Kipande kikigeuza chakula kuwa cheusi, kihamishie chupa mpya mapema. Ukungu unaoanzia juu ya chakula mara nyingi ni hewa au mikono. Utando mweupe unaotokea kwenye kitako cha kipande baada ya wiki kadhaa ni bakteria waliomo ndani ya mmea wenyewe, na hao kabati la bei mbaya haliwezi kuwazuia. Tupa ukoo mzima wa kipande hicho.

Usivuke mizunguko 8 ya kuzalisha. Baada ya hapo vibete, yaani migomba mifupi isivyo kawaida, vinaongezeka, na mkulima atavigundua shambani, si wewe.

Sasa kitalu, wanakofilisika wengi. Jani la chupani halina nta ya kutosha na vitundu vyake vya hewa havijui kufunga, kwa hiyo mche ukitolewa tu juani unakauka hata kama udongo umelowa. Osha agari yote kwenye mizizi, maana sukari iliyobaki huita ukungu. Panda kwenye trei zenye udongo uliochemshwa, funika kwa nailoni ndani ya kivuli cha asilimia 70 hadi 80, unyevu wa hewa uwe juu ya asilimia 90 kwa wiki 2 za mwanzo. Baada ya hapo fungua nailoni kidogo kidogo, kisha hamishia kwenye vifuko. Mche huuzwa ukiwa na sentimita 25 hadi 30 na majani 5 au 6. Na mwambie mnunuzi ukweli: mche wa tishu umetoka safi, lakini hauna kinga. Akiupanda kwenye shamba lenye mnyauko, minyoo ya mizizi au fukusi, utashambuliwa kama mwingine, pengine haraka zaidi kwa sababu ni laini.

Toka kukata chipukizi hadi mche kuuzika hesabu miezi 10 hadi 12. Miche ya masika ya Machi huanzishwa Aprili au Mei ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo oda na malipo ya awali zije kwanza. Ongea na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, au KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, ukiwa Kenya, kabla hujajenga kitalu. Mteja akichelewa, wacha vichipukizi kwenye hatua ya kuzalisha. Ukishavipeleka kwenye mizizi, saa imeanza kuhesabu na mche uliopita umri hakuna atakayeununua kwa bei yako.